Nimuulize ama ninyamaze?

SWALI: Shangazi, mdogo wangu ana miaka 22, tunakaa naye Kayole, tangu afutwe kazi ya mjengo hali chakula vizuri wala halali, na juzi akampea jirani raba zake mpya ati hatazihitaji tena. Nataka kumuuliza kama anawaza kujiua lakini mama anasema nitamtia hilo wazo, na tena tutaletewa polisi.

JIBU: Mwanangu, muulize, na umuulize leo. Kuuliza hakumtii mtu wazo, wengi hapo ndipo hupumua mara ya kwanza. Keti naye mkiwa wawili umwambie nimeona umegawa raba, unafikiria kujiua? halafu nyamaza umsikilize, usimhubirie. Akisema ndiyo usimwache peke yake hata dakika, mpeleke hospitali, na mkikwama pigieni Msalaba Mwekundu 1199, ni bure.

Polisi wasimtishe mama, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka katiba.

Na hapo kwa nyumba toa dawa ya panya na tembe zote zilizobaki, mpe mtu unayemwamini, maana watu hudhani aliyeamua ameamua na si kweli, ile hali huja kama wimbi na ikipita akiwa hana kitu karibu mara nyingi mtu anaishi. Sri Lanka walipiga marufuku dawa za shamba zilizo kali zaidi na vifo vya kujiua vikashuka kwa zaidi ya nusu.

Niandikie kesho uniambie alisema nini.