Ukija Naivasha kutazama Safari Rally, mtafute mwenyeji

Tangu mbio za magari za Safari Rally zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukaa nje miaka 19, sisi wa Karagita, hapa Naivasha, tumezoea kupokea wageni. Mashabiki hufika na kamera na viti vya kukunja, wakashinda siku nzima bila kusemezana na mtu wa hapa. Nawaambia wageni wangu wote: kabla ya kutafuta kona, mtafute mwenyeji.

Chukua Kedong, mojawapo ya sehemu ambako magari hushindana. Udongo wake ni laini kama unga, na magari yakishaupasua vumbi hupanda likakataa kushuka. Asubuhi moja kijana mchungaji alitutoa chini ya mgunga tuliokuwa tumeuchagua, akatupandisha kwenye mwinuko ambako upepo ulitupiga mgongoni. Waliobaki pale chini hawakuona kitu baada ya gari la kwanza. Sisi tuliona hadi mawe yakiruka chini ya matairi. Kijana yule tulimlipa, nawe ulipe, maana kumwongoza mgeni ni kazi.

Usisimame upande wa nje wa kona, hata ukiona umati umejaa huko. Dereva akishindwa kukata kona, gari huelekea huko huko. Kaa juu, nyuma ya utepe, na marshali, yule msimamizi wa usalama njiani, akikuambia usogee, sogea. Fika alfajiri pia, kwa sababu barabara za mashindano hufungwa mapema.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na rally ikipita bila mama wa kijijini kuuza hata chapati, basi imetupitia tu. Nunua chai kwake. Akikutoza hela ya kuegesha uani kwake, toa. Nyasi unazozikanyaga ni malisho ya mbuzi wake. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na takataka zako ondoka nazo, kwani ng'ombe hula plastiki wakafa. Ukienda kutazama ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, beba maji kwenye chupa ya chuma: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za wanyama tangu Juni 2020.

Kama tumbo la gari lako liko karibu na ardhi, liache mjini upande bodaboda ya mtu wa huku. Patana naye nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kuondoka, kwa sababu jioni magari kwenye Moi South Lake Road hayasogei.