Barua ya babu kwa herufi za Kiarabu

SWALI: Mhariri mpendwa, katika sanduku la marehemu babu yetu wa Lamu tumekuta barua ya mwaka 1310 iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msahafu naisoma vizuri, lakini maneno ya barua hii hayanipi maana. Nifanyeje?

JIBU: Huenda lugha yenyewe ni Kiswahili, na ugumu unatokana na upungufu wa herufi, kwa kuwa waandishi wengi wa zamani waliitumia herufi ba kwa sauti za b, p na mb, na ghaini kwa g na ng, tena mara nyingi bila irabu, kwa hiyo neno uonalo kama "bata" laweza kuwa "pata". Lisome kwa sauti, ukijaribu kila uwezekano, na ikiwezekana mbele ya mzee anayekijua Kiamu, lahaja ya Lamu, maana "kuya" hapo ni "kuja".

Anza na mistari ya juu, ambako barua za pwani zilikuwa na heshima za Kiarabu zilizokaririwa, kama "ila janabi" na "al-akram". Kutokana na maneno hayo yanayojulikana, nakili umbo la kila herufi ya mwandishi huyo, kisha ulitafute kwingine.

Mwaka 1310 ni wa Hijria, kalenda ya Kiislamu, yaani kati ya Julai 1892 na Julai 1893. Karatasi ipige picha mchana, mwanga ukitoka ubavuni, wala usiigandishe kwa utepe wa plastiki.