Flashi bila waya: maneno ya kuyajua kabla hujaingia ukumbini

Wengi wanaonijia kutaka kujifunza kazi ya picha za harusi huja na flashi tayari mkononi. Wamenunua, wamefungua boksi, na sasa wamekwama kwenye herufi: TTL, HSS, GN, S1, S2, Ch, Gr. Kitabu cha maelezo kimeandikwa kana kwamba msomaji anayajua yote. Mimi huwaambia wayagawe maneno hayo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kiasi: mwanga gani umemfikia mtu unayempiga. Fungu la pili ni la amri: nani ameiambia flashi iwake, na kwa njia gani. Picha ikiharibika, jiulize kwanza tatizo liko fungu lipi, maana mtu anaweza kuhangaika na apacha, lile tundu la lenzi, nusu saa nzima kumbe trigga, kile kidude cha juu ya kamera kinachoiamuru flashi, iko chaneli nyingine.

Tuanze na kiasi. Kitu cha kwanza cha kukielewa ni kwamba picha ya flashi ni picha mbili zilizolaliana: ya mwanga uliokuwepo pale, na ya mwanga wa flashi. Flashi huwaka na kuzima upesi mno. Hata ikiwa nguvu kamili, kwa kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya muda ambao shata, yaani pazia la kamera, imekaa wazi. Kwa hiyo ukiiweka shata 1/60 au 1/200 ya sekunde, mwanga wa flashi unaoingia ni ule ule. Kinachobadilika ni mwanga wa ukumbi. Jaribu nyumbani usiku. Mkalishe mtu sebuleni, flashi iwe manyuali (nguvu unaiweka mwenyewe), upige 1/60, 1/125, kisha 1/200 bila kugusa kingine. Uso utabaki vile vile, lakini ukuta wa nyuma na taa zake utakuwa unazidi kuzama gizani. Ukiliona hilo kwa macho yako, nusu ya kitabu utakuwa umeimaliza.

Uso ukiwa mweusi, basi, usikimbilie shata. Mwanga wa flashi unautawala kwa vitu vinne: apacha, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nguvu ya flashi yenyewe, na umbali kutoka flashi hadi kwa mtu. Umbali ndio wanaousahau wengi. Ukiisogeza flashi kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Hizo ni stopu mbili, kwani kila stopu ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili, na ili uzirudishe itabidi utoke 1/16 ya nguvu kamili hadi 1/4.

Utaliona hili vizuri kwenye picha ya familia. Bibi harusi amekaa, kulia kwake mama, halafu khalati, halafu binamu, safu inafika hadi ukingoni mwa jukwaa. Ukiuweka mwavuli wa kulainisha mwanga wa flashi karibu upande mmoja, mita 1.5 kutoka kwa mtu wa kwanza na mita 3 kutoka kwa wa mwisho, wa mwisho anapata robo ya mwanga wa mwenzake. Uliza mpiga picha yeyote amesikia lawama ngapi za "mbona mimi niko gizani?" Rudisha stendi nyuma. Mtu wa kwanza akiwa mita 4 na wa mwisho mita 5.5, tofauti yao inabaki kama stopu moja tu, na hiyo unaweza kuirekebisha. Gharama yake ni nguvu ya flashi, na mwanga unakuwa mkali kidogo kwa sababu mwavuli sasa uko mbali. Kwa picha ya watu kumi na tano mimi nalipa gharama hiyo bila kufikiri.

GN ni namba ya nguvu. Iandikwapo GN 60 kwa mita, maana yake ukigawa 60 kwa umbali unapata apacha, ISO ikiwa 100 na flashi nguvu kamili. Mita 5, basi ni kama f/12. Lakini soma maandishi madogo: namba hiyo mara nyingi ni ya kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi zumu ya milimita 200, mwanga mwembamba kama wa tochi. Ukikifungua hadi 35, au ukiuelekeza kwenye mwavuli, inashuka sana. Kwa mwavuli chukua nusu ya namba au chini yake.

TTL ni kamera kujipimia yenyewe. Flashi inatoa mmweko mdogo wa kupima kabla shata haijafunguka, kamera inasoma mwanga uliorudi, kisha inaamua nguvu. Ni nzuri mtu anapotembea, kama bibi harusi akiingia na wewe unarudi nyuma. Ila kamera haijui inatazama nini. Kila kitu inataka kiwe kijivu. Bwana harusi na nduguze wamesimama nje ya msikiti wamevaa kanzu nyeupe pe: kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na kanzu zinatoka rangi ya jivu. Wanawake waliovaa mabuibui wakijipanga, inafanya kinyume, inaongeza mpaka nyuso zinaungua. Kwenye kanzu ongeza fidia ya flashi, anzia +1. Kwenye mabuibui punguza, -1 hivi, kisha utazame skrini. Jukwaani, bibi harusi akishakaa na hasogei, zima TTL. Manyuali inakupa mwanga ule ule kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, nguo yake imeremete isimeremete.

Kuurusha mwanga darini kunategemea dari. Ukumbi wenye dari nyeupe ya chini ni raha tupu. Hoteli za ufukweni hapa Mombasa, Nyali na Bamburi, nyingi zimeezekwa makuti, na makuti hunywa mwanga, kisha kile kidogo yanachorudisha kina rangi ya kahawia. Nyumba za Mji wa Kale zenye boriti juu nazo hazisaidii sana, ila kuta zake zilizopakwa chokaa nyeupe ni zawadi. Geuza kichwa cha flashi ubavuni, ukutani, uone uso utakavyopata umbo. Ukuta wa kijani uache, utamgeuza mtu mgonjwa.

Sasa shata na sinki. Shata ya kamera ina mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linafunga. Kuna kasi ya mwisho ambayo sensa yote, ile inayoshika picha, huwa wazi kwa wakati mmoja; hiyo ndiyo kasi ya sinki. Kwenye kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Ukiipita, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, na flashi inaangaza sehemu tu. Ndiyo ile bendi nyeusi pembeni au chini ya picha. Baadhi ya trigga za bei nafuu huchelewa kidogo, kwa hiyo bendi ikijitokeza hata kwenye 1/200, shuka hadi 1/160.

HSS inavuka mpaka huo kwa kuifanya flashi itoe mapigo mengi ya haraka badala ya mmweko mmoja. Inafaa, lakini inakula nguvu, stopu mbili au zaidi. Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Jua la saa sita pale ufukweni Mama Ngina, ISO 100 na shata 1/200, linataka kama f/11. Flashi ya GN 60, uchi, zumu imevutwa yote, nguvu kamili, inafika mita 5 na kidogo. Weka mwavuli, umebaki na mita 2 na nusu au chini. Ongeza HSS juu yake, na itabidi uibandike flashi karibu na uso wa mtu. Kwa hiyo mteja akitaka picha za mchana, mtafutie kivuli cha mti au ukuta, au mwombe mkutane saa kumi na moja jioni. Jua likishachwa hapa giza halichelewi, mwe mmeshajipanga.

Tuje kwenye amri. Bila waya kuna njia mbili. Ya macho: flashi ya mbali inaona mmweko wa flashi ya kwenye kamera, nayo inawaka. S1 inaitikia mmweko wa kwanza inaouona. S2 inaupuuza ule mmweko wa kupima, inangoja wa kweli. Hapa ndipo penye mtego mmoja unaochanganya watu. Flashi ya kamera iko TTL, ya mbali iko S1. Unabonyeza, unaiona ya mbali ikiwaka kwa macho yako, lakini picha haina mwanga wake. Iliwaka mapema, kwa mmweko wa kupima, shata ikiwa bado imefungwa. Weka S2, au hamisha ya kamera iwe manyuali. Njia hii ya macho pia hupotea juani, na inahitaji flashi zionane. Ukumbini inaitikia flashi ya mpiga picha yeyote aliye karibu.

Njia ya redio, ya 2.4 GHz, ndiyo ninayowashauri. Haijali nguzo wala kona. Trigga inakaa juu ya kamera, flashi inawekwa modi ya kupokea. Trigga lazima iwe toleo linalolingana na kampuni ya kamera yako: kwa Godox, kwa mfano, X2T-C ni ya Canon, -N ya Nikon, -S ya Sony. Chaneli (Ch) lazima zifanane pande zote. Kundi (Gr), yaani A, B, C, ni la kugawa kazi: A mwavuli wa mbele, B flashi ya nyuma ya jukwaa, kila moja na nguvu yake, unazibadilisha kutoka mkononi mwako bila kupanda jukwaani na kumkanyaga mtu nguo.

Usiku wa kupamba, ukumbi wote wanawake, kunaweza kuwa na wapiga picha watatu, na kila mmoja ametoka dukani na chaneli 1. Flashi zako zinaanza kuwaka peke yake, betri zinakwisha kabla bibi harusi hajaingia. Ukifika, msalimie mwenzako, muulize yuko chaneli gani, wewe chukua ya mbali na yake. Kama vifaa vyako vina mpangilio wa ID, weka namba ya peke yako trigga na flashi zote. Mimi huufanya nyumbani, siku moja kabla.

Flashi isipowaka, fuata mpangilio huu: betri, chaneli, kundi limezimwa kwenye trigga au la, modi ya kupokea, kisha usingizi, maana nyingi hujilaza zikikaa bila kazi. Kama iko karibu kabisa na wewe na bado inaruka baadhi ya picha, tafuta mpangilio wa umbali kwenye trigga. Baadhi zina chaguo la mita 0 hadi 30 kwa ajili hiyo. Mwisho tazama miguu ya vyuma. Hewa yetu ina chumvi, na vile vidoti vya chini ya flashi hushika kutu ya kijani. Vifute kwa kitambaa kikavu, toa betri ukirudi kutoka kazini, na ukitoka chumba chenye kiyoyozi uache mfuko umefungwa kwa muda kabla hujatoa kamera, lenzi isije ikapata ukungu mbele ya wageni.

Ukianza, nunua flashi moja yenye manyuali, trigga yake, stendi, mwavuli mweupe na betri za kuchaji seti mbili. Flashi ya pili ingoje mpaka uweze kukisia nguvu ya ile ya kwanza kabla hujatazama skrini. Na stendi itie mfuko wa mchanga mguuni. Kusi ikivuma ufukweni, mwavuli haukuombi ruhusa.