Uwanja uliopitiwa na ditekta nyingi bado una sarafu

Kwenye nyasi za bustani ya mji, kando ya kiwanja cha mpira au kwenye ufuko wa ziwa uliokwisha pitiwa na ditekta nyingi (mashine za kutafutia metali ardhini), usitegemee shilingi ya zamani iliyolala bapa sentimita tano chini. Hizo waliotangulia wamezichukua. Zilizobaki ni zile zilizojificha chini ya sauti ya msumari, zilizosimama kwa ubavu, au zinazolia kama takataka hata mtu akazipita. Ukirudi hapo na koili kubwa (duara la chini ya ditekta linalohisi metali), umezima sauti zote za chuma na unatembea haraka, utarudia kazi yao na matokeo yao.

Anza na sarafu zenyewe kabla ya mashine. Rupia ilitumika huku Uganda mpaka 1920, florini ikapita haraka, shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia 1921. Shilingi yenye simba mbele ya milima ina kipenyo cha kama milimita 28. Zile za 1921 hadi 1925 na za 1937 hadi 1946 zina robo tu ya madini ya fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, bila fedha yoyote. Thumuni (senti hamsini) ni ndogo, milimita 21. Senti kumi za bronzi zenye tundu ni pana kuliko shilingi, na pamoja na ndururu (senti tano) ndizo zilizopita mikononi mwa watu wengi zaidi. Ukiokota senti kumi au ndururu ya 1936, soma jina la mfalme kabla ya kuitia mfukoni: nyingine zina jina la Edward VIII, aliyeacha ufalme mwaka huohuo. Zilizoandikwa East Africa & Uganda Protectorates ni za kabla ya 1920. Senti moja ya 1907 na 1908 ni ya alumini, na kwenye udongo wenye maji huliwa ikabaki kama karatasi.

Kwa nini haya yana maana? Kwa sababu namba kwenye kioo cha ditekta hufuata madini na ukubwa. Bronzi pana hulia juu. Shaba na nikeli hulia chini, jirani kabisa na karatasi ya alumini ya pakiti za sigara na vishikio vya makopo ya soda. Anayechimba namba za juu peke yake anaziacha shilingi zote za 1948 na kuendelea, na ndiyo maana zipo. Nunua sarafu moja ya kila aina, zilizochakaa zinatosha, uzifukie kwenye udongo wa nyumbani kwako kwa kina cha sentimita 5, 10 na 15, kisha uandike namba ya kila moja. Namba za kijitabu kilichokuja na mashine zilipimwa kwenye udongo mwingine.

Na udongo wetu ni mgumu. Murram nyekundu imejaa chuma, kokoto zake hulia zenyewe, na vipande vya tofali la kuchoma hulia vilevile. Tafuta kipande kisicho na metali, inua na kushusha koili kati ya sentimita 30 na 3 huku ukirekebisha usawa wa ardhi (mpangilio unaoifanya mashine ipuuze chuma cha udongo), mpaka sauti isipande wala kushuka. Rudia kila unapotoka kwenye udongo mwekundu kwenda kwenye udongo mweusi wa bondeni. Kisha punguza nguvu ya usikivu. Hapa wengi hukataa, wakidhani nguvu kamili ndiyo kina. Kwenye murram nguvu kamili huongeza kelele ya ardhi, na sarafu ya sentimita 15 humezwa humo. Shusha hadi mashine inyamaze ukiwa umeishika bila kuitikisa, halafu panda ngazi moja.

Koili ya sentimita 15 ndiyo kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote mahali palipopitiwa. Koili ya sentimita 28 huona misumari minne na shilingi kwa pamoja, ikatoa uamuzi mmoja: chuma. Ndogo huvitenganisha. Hupoteza kina kidogo, lakini sarafu nyingi zilizobaki hazikuwa za kina, zilikuwa zimefunikwa. Fungua sauti ya chuma badala ya kuizima, na vaa spika za masikioni. Unachotafuta ni mlio mfupi safi unaochomoza katikati ya mikoromo, hata kama unasikika ukipita upande mmoja tu. Zunguka robo duara na upite tena. Sarafu iliyosimama kwa ubavu hubadilika sana unapobadili upande, kwa hiyo usiitupe kwa sababu haikurudia.

Adui mkubwa wa bustani ni kizibo cha bia kilichopata kutu. Hutoa namba ya juu inayorukaruka. Weka koili juu yake kisha uivute nyuma polepole, ncha ya mbele ikiwa inatikisika juu ya mlio. Kizibo mara nyingi hushuka kikawa chuma, sarafu hubaki na namba yake mpaka mlio ufifie. Msumari wa mabati wenye kichwa kipana hudanganya hivyohivyo. Sarafu za sasa za chuma kilichopakwa nikeli, kama shilingi 50, nazo hutatanisha.

Pima mraba wa mita 5 kwa 5 kwa kamba. Pita taratibu, mpito mmoja wa koili wa mita moja kwa sekunde tatu hivi, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukimaliza, pita tena kwa kukatiza. Halafu chimba takataka zote, misumari na vizibo, na upite mara ya tatu. Mpito huu wa tatu ndio unaolipa, na ndio ambao karibu hakuna anayeufanya. Mraba mmoja unaweza kula siku nzima.

Chagua mraba kwa akili. Watu walidondosha fedha pale walipokaa, walipolipa na walipongoja: chini ya mvule au mwembe mkubwa, kwenye mteremko unaotazama kiwanja, kwenye njia ya zamani ya kwenda gatini. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilianza 1912, ya Kampala ilifika 1931; tarehe hizo zinakuambia sarafu za kutarajia. Msimu mzuri ni baada ya mvua za Machi hadi Mei, udongo ukiwa na unyevu na kisu kinaingia.

Kata nyasi kwa umbo la nusu duara, upana wa sentimita 12, upande mmoja ukibaki umeshika kama bawaba. Mwaga udongo juu ya kipande cha gunia, pitisha ditekta kwenye shimo tena, rudisha udongo wote, kanyaga, mwagilia nusu lita. Nyasi ya paspalum iliyokatwa pande zote hukauka, na doa moja la njano linatosha kufanya ditekta zikatazwe hapo.

Ruhusa iwe ya maandishi: manispaa kwa bustani, mwenye ardhi pamoja na mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji) kwa kijijini. Kasubi, Bigo bya Mugenyi na maeneo mengine ya urithi usiyakaribie na ditekta, na kitu kinachoonekana cha kale kuliko sarafu hizi kiache kilipo, upeleke habari Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira, Kampala. Sehemu zilizopigwa vita, ukiona chuma cha mviringo chenye mapezi au kofia ya risasi kubwa, usikiguse, huenda ni bomu lisilolipuka bado. Weka alama ya mbali, ondoka kwa njia uliyojia, piga simu polisi.

Sarafu ikitoka, usiisugue kwa kidole chenye mchanga. Mkwaruzo huo hautoki. Iloweke usiku mzima kwenye maji safi, iache ikauke juu ya kitambaa. Kijani laini cha bronzi kisiondolewe. Kijani cha ungaunga ndicho kinachoila, nacho kitolewe kwa kijiti cha meno, chini ya lenzi, kidogokidogo.