Ofa Imekubaliwa, Sasa Mnunuzi Mwingine Amepanda Dau

Wasomaji wanne wa Nairobi wametuandikia kuhusu jambo moja: wanunuzi zaidi ya mmoja wanapoitaka nyumba moja. Jopo letu la nyumba na ardhi linajibu.

Mhariri, hamjambo? Mimi na mume wangu tulipatana na mwenye nyumba milioni 9.2 kwa mezoneti hapa Kasarani. Akatia sahihi barua ya ofa, tukajua mambo yamekwisha. Siku ya tisa wakala akapiga simu: kuna mteja wa milioni 9.8, tuongeze kabla ya Ijumaa au tuiachilie. Kwani ahadi si deni? Hatuwezi kumshurutisha? — Msomaji, Kasarani

Dada, kwa barua ya ofa peke yake ni vigumu mno, na ni afadhali mlijue hilo leo kuliko baada ya kulipia barua ya vitisho. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, na kifungu cha 38 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 vinasema kesi ya kuuziana ardhi haipokelewi mahakamani isipokuwa mkataba umeandikwa, pande zote zimetia sahihi, na kila sahihi imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo. Ujumbe wa WhatsApp wa "sawa, nimekubali" haufiki hapo. Barua za ofa nazo huwa na mstari usemao kwamba makubaliano yanategemea mkataba rasmi wa mauzo. Itoeni yenu muisome tena. Ikiwa haina mstari huo, ina masharti yote na sahihi zilishuhudiwa, mpelekeeni wakili kabla ya kujibu simu yoyote. Vinginevyo, mlicho nacho ni nafasi ya mbele kwenye foleni, na foleni hii huisha siku ya kutia sahihi mkataba.

Anzeni kwa kumpima huyo mteja mwingine. Kumuuliza wakala kama yupo kweli hakusaidii, maana atasema yupo. Mwulizeni kwa maandishi mambo matatu: analipa taslimu au kwa mkopo, wakili wake ameshaomba rasimu ya mkataba, na atatia sahihi tarehe gani. Mnunuzi aliyekomaa ana wakili na tarehe. Mkijibiwa tu kwamba "ni mtu wa uhakika", hilo ni dau la mdomo. Hata akiwa wa kweli, milioni 9.8 za mtu ambaye benki yake haijatuma mthamini zinaweza kumfikia muuzaji miezi kadhaa baada ya 9.2 zenu, au zisimfikie kabisa. Muuzaji anastahili kuelezwa hivyo waziwazi, tena na wakili wenu akizungumza na wakili wake, kwa sababu wakala hulipwa asilimia ya bei na ana sababu ya kuipenda ile kubwa.

Kisha pigeni hesabu ya hizo laki sita, na hapa ndipo watu wengi hujiumiza. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4: kwa milioni 9.2 ni shilingi 368,000, kwa 9.8 ni 392,000. Hilo ni dogo. Kubwa ni mkopo. Benki huangalia bei mliyopatana na thamani aliyoandika mthamini wake, ikakopesha kwa kufuata iliyo ndogo. Tuseme inatoa asilimia 80 na mthamini ameandika 9.2. Mkopo utabaki milioni 7.36 hata mkikubali 9.8, na nyongeza yote itatoka mfukoni mwenu. Mchango wenu utapanda kutoka milioni 1.84 hadi 2.44, kabla ya ushuru na ada ya wakili. Tumeona watu wakiongeza bei kwa simu jioni, kisha wanakwama siku ya kutoa arabuni (malipo ya kwanza) na kupoteza nyumba pamoja na gharama za uthamini. Andikeni kikomo chenu kwenye karatasi, nyote wawili, kabla ya kumpigia wakala tena.

Baada ya hapo tafuteni kwa nini anauza. Mwenye deni la benki anataka pesa mapema. Anayehama anaweza kutaka kubaki mwezi mmoja baada ya malipo. Familia inayogawana urithi hutaka mnunuzi asiyebadilika. Vitu hivyo mnaweza kumpa bila kuongeza shilingi: kutia sahihi ndani ya siku saba, arabuni ya asilimia 10 ya bei siku hiyohiyo, au kumalizana kwa siku 60 badala ya 90 zilizozoeleka. Lakini msiahidi siku 60 kabla ya kuangalia hati. Kama ni ya kukodishwa kutoka serikalini, na nyingi za Nairobi ni hivyo, muuzaji atahitaji cheti cha kaunti cha kutodaiwa reti (ada ya kaunti kwa ardhi), cheti cha kodi ya ardhi, na kibali cha kuhamisha umiliki. Nyumba iliyo chini ya kampuni ya usimamizi ya wakazi itahitaji pia idhini ya kampuni hiyo na uhamisho wa hisa. Muuzaji mwenye malimbikizo ya reti atawachelewesha hata kama nyinyi mko tayari kabisa.

Jibu lenu liwe fupi na liwe na tarehe ya mwisho. Kwa mfano: "Tumesikia kuna dau jingine. Letu linabaki milioni 9.2. Wakili wetu yuko tayari kupokea rasimu leo, barua ya mkopo tunayo, na asilimia 10 italipwa siku ya kutia sahihi, si baada ya Alhamisi. Ikipita Alhamisi, dau hili limekwisha." Tarehe hiyo iwe ya kweli, msiitaje kama hamko tayari kuondoka. Mkiamua kuongeza, ongezeni mara moja tu, na mpate kitu: "Tunaongeza 150,000 ikiwa nyumba itaondolewa sokoni leo na mkataba utasainiwa Jumatano." Mkiongeza bila kudai kitu, mtapigiwa simu nyingine wiki ijayo.

Na haraka isiwafanye mruke sachi, yaani kukagua rekodi za umiliki wa ardhi. Dau la mpinzani ndilo kelele wanayopenda matapeli wanaouzia watu kadhaa nyumba moja. Fanyeni sachi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa rekodi za ardhi, au kwenye masjala husika ikiwa kiwanja hakijaingizwa kwenye mfumo, na wakili afuatilie hati ilianzia wapi. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba aliyenunua ardhi iliyogawiwa awali kinyume cha sheria hawezi kujikinga kwa kuonyesha hati aliyo nayo tu. Siku mbili za uchunguzi haziwezi kuwapotezea nyumba halali.

Wataalamu, nimepata nyumba Donholm. Wakala anasema nikilipa 100,000 "za kushika nyumba" hataonyesha mtu mwingine, na kwamba wateja wawili wako njiani. Nilipe? — Msomaji, Donholm

Ndugu, usimlipe wakala. Kwanza mwulize nambari yake ya usajili kwa Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, kisha uithibitishe na bodi yenyewe. Hata akiwa amesajiliwa, ahadi yake ya kutoonyesha nyumba haimfungi mwenye nyumba, ambaye anaweza kuwa amewapa mabroka wengine watatu kazi hiyohiyo.

Wazo la kushika nyumba lenyewe si baya. Linahitaji karatasi tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakili wako aandike barua ya ukurasa mmoja inayomfunga mwenye nyumba, kwa jina lake kama lilivyo kwenye hati, asijadiliane na mtu mwingine kwa muda wenye mwanzo na mwisho. Siku 14 zinatosha ikiwa rasimu ya mkataba imeanza. Barua itaje kiasi unachotoa, nani anakishika, na kwamba kitakuwa sehemu ya asilimia 10 mkitia sahihi. Iseme pia pesa zirudi zote iwapo sachi itaonyesha kasoro, benki itakataa nyumba, au muuzaji atauza kwingine, na katika hali hiyo ya mwisho akurudishie gharama za wakili na mthamini. Ukijitoa bila sababu, mnaweza kukubaliana abaki na sehemu. Andikeni ni kiasi gani.

Pesa ziende kwenye akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, naye athibitishe kwa maandishi kwamba amezishika kama amana na hatazitoa kwa upande wowote nje ya masharti ya barua. Zikiingia kwa M-Pesa ya wakala, kuzirudisha ni kazi ya miezi. Na ujue mpaka wa barua hii: inaweza kukupa haki ya kudai hasara yako, lakini haimlazimishi kukuuzia. Ndiyo maana siku hizo 14 ni za kufanya kazi: sachi wiki ya kwanza, rasimu na mthamini pamoja nayo, sahihi wiki ya pili.

Mimi nilishatia sahihi mkataba wa nyumba Lang'ata na nikalipa asilimia 10. Sasa muuzaji anasema bei imepanda, nikikataa atanirudishia pesa zangu amuuzie mwingine. Anaruhusiwa? — Mama wa watoto watatu, Lang'ata

Mama, hali yako ni tofauti kabisa na ya wasomaji wawili waliotangulia. Una mkataba, na bei imo ndani yake.

Leo hii mwombe wakili wako aweke zuio kwenye rejista chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kifungu hicho kinamruhusu mtu mwenye haki inayotokana na mkataba kuzuia uhamisho wa ardhi usisajiliwe. Ombi huambatana na kiapo na nakala ya mkataba. Msajili atamjulisha mwenye hati, ambaye anaweza kupinga, lakini zuio likiwapo mnunuzi mpya ataliona kwenye sachi. (Aliye na barua ya ofa tu asijaribu njia hii bila ushauri: anayeweka zuio bila sababu ya msingi anaweza kutozwa fidia.)

Pili, akurudishie pesa bila idhini yako, usizitumie wala usikae kimya. Wakili aandike mara moja kwamba huzikubali kama mwisho wa mkataba. Tatu, uwe tayari kweli, kwa sababu mahakama haimwamuru muuzaji atekeleze mkataba kwa ajili ya mnunuzi ambaye mwenyewe hana salio. Kusanya barua ya mkopo, ahadi ya maandishi ya wakili wa benki na ushahidi wa mchango wako. Mikataba mingi hufuata masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili, yanayotoa notisi ya siku 21 kwa upande uliochelewa. Ukichelewa wewe, notisi hiyo inaweza kutumwa kwako.

Kagua mambo matatu yanayoweza kukuangusha: kama sahihi zote zilishuhudiwa, kama mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu ili upokewe kama ushahidi, na kama mume au mke wa muuzaji alitoa idhini. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haimruhusu mwenzi mmoja kuuza mali ya ndoa bila mwenzake kukubali. Muuzaji aliyejutia bei anaweza kukumbuka ghafla kwamba mkewe hakuulizwa. Ikiwa idhini haimo kwenye faili yako, mwambie wakili kabla hujaandika jambo lolote kali.

Na mimi ndiye mtu wa pili. Nimeipenda nyumba South B lakini mwenyewe ameshakubali ofa ya mwingine. Nikitoa zaidi ninakosea? — Msomaji, South B

Swali lako ni moja: wameshatia sahihi mkataba? Kama ndiyo, ondoka, kwa sababu utanunua kesi na huenda ukakuta zuio siku ya kusajili. Kama bado, sheria haikuzuii. Toa dau lako kwa maandishi, useme ni la akiba endapo mauzo ya kwanza yatakwama, na usikubali kutajwa kwa mnunuzi wa kwanza kwa bei usiyoitoa. Usilipe chochote hadi wakili wa muuzaji athibitishe kwa barua kwamba yale ya kwanza yamefutwa.

Usihamishie mazoea haya kwenye mnada wa hadhara. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, kinachodai mkataba wa maandishi, hakihusu mauzo ya mnadani: nyundo ikishuka umenunua, na masharti ya minada ya benki mara nyingi hudai asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 90. Sachi na ukaguzi wa nyumba vimalizike kabla hujainua mkono.