Kabla hujachora nyota kwenye ukuta wa shule

Jumamosi nimepita shule moja njia ya kwenda Vwawa nikakuta vijana watano, ndoo za rangi zimepangwa, watoto wamepanda mpaka juu ya madawati kuangalia, raha tupu. Ukutani wamechora mwezi mwandamo mzuri kabisa, afu katikati ya pembe zake wametia nyota. Nikasimama. Wadogo zangu, pale katikati ya pembe hakuna uwazi, pale ni mwezi uleule ila ni upande ambao jua haliupigi, sasa nyota itaonekanaje mbele ya mwamba? Nikawaambia kwa upole tu, mmoja akanijibu "dada, hii ni sanaa bwana". Nimerudi nyumbani sijalala vizuri, kwa sababu hilo neno na mimi nimeshawahi kulisema, na najua lilinifikisha wapi.

Nawapenda sana mnaofanya hii kazi, muelewe hivyo. Kimondo chetu kimelala pale Ndolezi, Mbozi, mkoa wa Songwe, kwenye mteremko wa mlima Marengi, chuma kilichoanguka toka angani, mita tatu hivi, kinakadiriwa tani 12, na mgeni anakuja anakigonga, anapiga picha na ile sehemu waliyokatakata wachukua vipande, nusu saa keshapanda gari anarudi Mbeya. Hajanunua hata ndizi. Sisi tunaochora kuta za shule na kuandaa usiku wa nyota tunataka huyo mtu abaki mpaka giza liingie, ale kwa mama lishe, aongozwe na watoto wanaojua anga lao. Sasa naombeni mnisikilize.

1. Barua ianze kwa mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji, sio kwa mdhamini. Mkiwa na hela bila baraka za kijiji mtachora na hakuna atakayeutunza huo ukuta.

2. Angalieni mwezi kabla ya kutangaza tarehe. Kila mwaka kuna mtu anataka usiku wa nyota 30 Juni kwa kuwa ni siku ya vimondo duniani, ni sawa, lakini 2026 mwezi mpevu unaangukia usiku wa kuamkia tarehe hiyohiyo, mtawaita wageni waje kutazama mbalamwezi. Na mara nyingi wakati huo shule ziko likizo, sijui hao watoto mtawatoa wapi. Septemba nako muwaache darasa la saba, wana mtihani.

3. Sasa hii ndo iliyonifanya nikae kuandika. Kompyuta yako unaiuliza anga la wapi?

Mwaka 2018 nilipewa ukuta wa mita 11 kwenye shule ya msingi moja, sio mbali na kimondo. Mi hapo nimetoka Rujewa miaka miwili nyuma, nimeona jua lilivyopatwa likabaki pete 1 Septemba 2016, nimeona watoto wameinama chini ya mti wanafuatisha kwa vijiti vipete vya mwanga vilivyopita kwenye upenyo wa majani vikatua mchangani, nikasema mimi maisha yangu ni haya. Nikajiona najua. Nikafungua programu ya nyota, nikachukua ramani, nikaipiga na projekta ukutani usiku, watoto wakafuatisha kwa chaki, kesho yake tukaanza rangi. Siku tisa. Juu kabisa nikaweka Nyota ya Kaskazini, kubwa, rangi ya dhahabu, na Dubu Mdogo, lile kundi la nyota yenyewe ilimo, amening'inia pembeni yake. Kila mtoto alitaka kuigusa ile nyota, ikabidi tuwapange foleni.

Sikuangalia kwamba programu ilikuwa bado imewekwa London.

Siku ya uzinduzi wamekuja wazazi, mwenyekiti, wageni kama kumi hivi na dereva wao. Nimemaliza kuongea, binti mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono. Akasema "Mwalimu, hii nyota ya dhahabu mimi na bibi tumeitafuta wiki nzima, hatujaiona." Mwalimu aliyekuwa karibu akamwambia hajatafuta vizuri, atafute tena. Watu wakacheka kidogo. Na mimi, hapa ndo pananiuma mpaka leo, mimi nikahisi tumbo linashuka maana palepale nilishaanza kuelewa, tuko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, ile nyota huku haichomozi kabisa, iko nyuzi kama hizohizo chini ya upeo wa kaskazini mwaka mzima. Nikanyamaza. Nikatabasamu. Mtoto akakaa chini ameinamisha kichwa, na alikuwa sahihi kuliko watu wazima wote tuliokuwa pale.

Usiku ule nikatoka nje saa mbili. Msalaba wa Kusini umesimama juu ya migomba, mng'ao kabisa, na zile nyota mbili zinazouelekeza pembeni yake. Kwenye ukuta wangu haukuwepo, kwa sababu London hawauoni. Mita 11 za anga la watu wengine, nimewabandikia watoto kwenye shule yao nikawaambia ni lao. Ningekuwa nimekosea rangi ningelala. Ila binti wa watu kaenda kutazama kwa macho yake, ndo kitu pekee tulichokuwa tunataka wajifunze, afu akaaibishwa kwa hilo, na mi nipo nimeshika maikrofoni.

Nikakaa siku nne najipa moyo, mara ni sanaa tu, mara nani ataangalia. Siku ya tano nikarudi paredi ya asubuhi nikaomba nafasi. Nikawaambia watoto wote nimekosea mimi, na mwenzenu alitafuta vizuri. Nikamtaja yeye na bibi yake. Mwalimu mkuu hakufurahi, hela ya rangi ilikuwa imeisha, nikanunua ndoo mbili kwa hela ya kodi yangu ya nyumba.

Mara ya pili hatukugusa projekta. Kwa mwezi mmoja watoto walipima wenyewe nyota ziko nyuzi ngapi juu ya upeo, kwa uzi, jiwe dogo na protrakta, kila mmoja nyumbani kwao saa mbili usiku, asubuhi wanaleta namba kwenye daftari. Namba zilipishana balaa, tukawa tunabishana mpaka kengele inagonga, na sijawahi kuwa na wiki nzuri kama zile.

4. Majina waulizeni wazee. Pwani wana msemo, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ndo lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, watu walikuwa wanalima kwa kukifuata, sasa msije huku bara mkaandika jina la Kigiriki tu wakati bibi wa mtu ana jina lake na ana sababu yake. Liandikeni alivyolitamka.

5. Plasta ikauke kabisa kwanza, praima, ile rangi ya kwanza ya chini, msiruke, na nusu mita ya chini pigeni rangi ya mafuta, mvua za huku zinarusha tope.

6. Tochi zifungwe plastiki nyekundu, macho yanataka dakika 20 hivi kuzoea giza na simu moja tu inaharibu kila kitu.

7. Mgeni asimpe mtoto hela mkononi. Kuwe na mfuko wa shule na daftari linalosainiwa na kijiji. Hili nitalieleza siku nyingine, lina mambo mengi.

Ile nyota ya dhahabu, watoto walikataa isifutwe. Tukabishana, mi nataka niipige nyeupe iishe. Yule binti akasema tuishushe. Tukachora mstari wa upeo wa kaskazini, chini yake udongo mwekundu na mizizi ya kahawa, na huko chini ardhini, nyuzi 9 walizozihesabu wenyewe, ndo wakaichora upya. Wageni wakifika lazima waulize nyota inafanya nini kwenye mizizi, na anayejibu ni mtoto.