Milanzi ya babu: igeme, lakini usiimalize

Kamwene ndugu. Umeuliza kama milanzi, ile mianzi ya pombe ya ulanzi, ya babu yako huko Mufindi inaweza kugemwa kila masika bila kuisha, na ulanzi ukae wiki nzima bila kuchacha.

La kwanza linawezekana. Chipukizi likishakatwa ncha na kukwanguliwa asubuhi na jioni, halirefuki tena kuwa mwanzi. Wanaogema kila kinachochomoza hubaki na kichaka cha mashina makuukuu, halafu wanasema ni uchawi! Kila kichaka kiachie machipukizi kadhaa, tena yale manene, yakue yalishe mizizi. Ukitaka kuongeza shamba, mvua zikianza chimba kipande cha mzizi chenye shina lake ukahamishe. Mbegu usizingoje: mlanzi huchanua baada ya miaka mingi, na kichaka kikichanua chote mara nyingi hufa. Kipande hukupa mlanzi uleule wa babu. Hata wakulima wa zabibu Dodoma hupanda vipande vya matawi, si kokwa, kwa sababu hiyohiyo.

La wiki nzima ni gumu. Hamira ya asili imo kwenye mbeta yenyewe, kile chombo cha mwanzi cha kukingia. Mtogwa, yaani ulanzi mpya ulio mtamu, wa asubuhi kesho yake umeshakolea. Ukiufunga hivyohivyo kwenye chupa ya kioo, gesi inaweza kuipasua. Upashe hadi nyuzi 70 kwa dakika 20 hivi, mimina ungali moto kwenye chupa safi, funga, kisha weka kwenye friji. Ladha itapungua kidogo, na wazee watakusema.